Maswali ya Wasomaji: Bia Iliyolala kwa Baridi ya Lushoto

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Nilijifunza kutengeneza bia nilipokuwa nikiishi Ngamiani, mjini Tanga, na huko ndoo yangu ya lita 20 ilianza kutoa povu usiku uleule na kutulia siku ya nne. Mwezi wa Mei nilihamishiwa Lushoto kikazi. Nimetumia vipimo vilevile vya kimea na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), pamoja na hamira ileile ya bia ya pakiti, lakini safari hii ndoo ilikaa siku mbili bila dalili yoyote, ikatoa povu kidogo siku ya tatu, kisha ikanyamaza ilhali bia ingali tamu. Nimepima joto la stoo nikaona ni nyuzi 14 za Selsiasi alfajiri na 19 alasiri. Nimeifunika kwa mablanketi mawili bila mafanikio. Je, niongeze hamira, au usiku niweke jiko la mkaa humo stoo na kufunga mlango ili joto lisitoroke?
Msomaji, Lushoto.

JIBU: Ndugu yetu, tunaanza na jiko kwa sababu hilo haliwezi kusubiri: usiliweke kabisa. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni na kumuua mtu usingizini bila ya yeye kushtuka. Stoo nyingi zimepakana na chumba cha kulala, na hewa hiyo hupita chini ya mlango na juu ya dari. Hata kama ingekuwa salama, jiko lingekupa nyuzi 30 saa nne za usiku na 14 alfajiri, na hamira huchukia kupandishwa na kushushwa namna hiyo kuliko inavyochukia baridi yenyewe.

Sasa tuje kwenye blanketi. Blanketi halitengenezi joto. Kazi yake ni kuchelewesha joto kutoka au kuingia. Ukifunika ndoo iliyokwisha kupoa, umeihifadhia baridi yake, na ule uvuguvugu wa alasiri ambao ungeisaidia umeuzuia nje. Joto la kweli ndani ya ndoo hutoka kwa hamira, kwa kuwa inapogeuza sukari kuwa kileo na hewa ya ukaa hutoa pia joto, kiasi kwamba katika siku mbili tatu za mwanzo bia inaweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi kadhaa. Kwa hiyo blanketi lina maana pale tu hamira inapokuwa imekwisha kuamka. Tunadhani kosa lako lilitokea saa ile ya kutia hamira: pale Ngamiani uji wa kimea ukiachwa upoe hukaa kwenye nyuzi 27 au 28, lakini huko mlimani, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ukiuacha hadi asubuhi unaukuta na nyuzi 15. Hamira ya kawaida ya bia hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Ikitiwa kwenye nyuzi 15 hujivuta, na katika kuchelewa huko vijidudu vya uchachu hupata nafasi ya kutangulia. Mara ijayo itie uji ukiwa na nyuzi 20 kamili, nayo hamira uwe umeiamsha kwanza kwa robo saa katika maji safi ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi 35.

Jambo ambalo watengenezaji wengi hulikosea ni wakati wa kuipasha joto. Wao huhangaika sana siku ya kwanza, kisha povu likishuka huondoa kila kitu wakidhani kazi imekwisha. Ukweli ni kinyume chake. Povu linapokuwa jingi hamira inajipasha yenyewe. Linapopungua, joto lake nalo hupungua, bia hupoa pamoja na chumba, na hamira huzama chini ikalala kabla ya kumaliza sukari. Hayo ndiyo yaliyoisibu ndoo yako. Tangu siku ya tatu au ya nne ndipo ndoo inapohitaji msaada, na hapo hata ukiipandisha hadi nyuzi 21 au 22 si vibaya, kwa sababu hamira iliyo macho siku za mwisho husafisha ile harufu ya siagi ambayo bia changa huwa nayo.

Namna ya kupasha tunayoipendelea haihitaji umeme. Simamisha ndoo ndani ya beseni kubwa lenye lita 15 hivi za maji, kisha jioni tumbukiza humo vidumu viwili vya lita moja na nusu vilivyojazwa maji ya nyuzi 70. Ikiwa bia na maji ya beseni vilikuwa na nyuzi 16, joto likienea vyote vitafika karibu nyuzi 20, na maji mengi namna hiyo hayapoi haraka. Hapo sasa funika kwa mablanketi yako, au kwa magunia ya katani ambayo mkoa wetu haujawahi kuyakosa. Mwenye nafasi anaweza kutengeneza sanduku la mbao, akaweka ndoo katikati na kushindilia maranda ya kiwanda cha mbao pande zote. Huko Lushoto maranda si kitu cha kutafuta. Wengine hutumia friji bovu na balbu ya uzi ya wati 40 ndani yake. Njia hiyo ni nzuri, ila balbu ifunikwe kwa kopo la bati, kwani mwanga huiharibu bia yenye hopsi na kuipa harufu mbaya, na balbu hizi za kisasa zinazobana umeme hazifai kwa kuwa karibu hazitoi joto. Vyovyote utakavyofanya, pima bia na si chumba: bandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo, ukifunike kwa kitambaa kinene ili kisisome hewa ya nje.

Kwa ndoo uliyo nayo sasa, usiongeze hamira kwanza. Ipashe hadi nyuzi 20 kwa njia ya beseni, uitikise polepole bila kuifungua ili machicha yaliyolala yanyanyuke, kisha ngoja siku tatu. Ikiwa kipimo cha uzito wa bia, kile kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, hakijashuka hata kidogo, ndipo utie hamira mpya ambayo tayari inatoa povu. Usiijaze kwenye chupa kwa sasa. Sukari iliyobaki itaendelea kuchachuka humo, na chupa ya kioo iliyopasuka inaweza kumtoa mtu jicho. Kipimo kikisomeka vilevile siku tatu mfululizo, bia imekwisha.

Kuna ushauri mmoja ambao huenda hukuutarajia. Kipupwe cha Lushoto, ambacho watengenezaji wa laga, yaani bia inayochachushwa kwenye baridi, wangekilipia, wewe unapigana nacho. Hamira ya laga hufanya kazi kati ya nyuzi 8 na 15, na jina lenyewe limetokana na neno la Kijerumani la kuweka ghalani, kwa kuwa bia hiyo ilikuwa ikihifadhiwa majira ya baridi. Ukiipata, Juni hadi Agosti utahitaji uvumilivu wa majuma kadhaa na beseni la maji yasiyopashwa, basi.

SWALI: Nasi wa Chumbageni tufunike?
Msomaji, Tanga.

JIBU: Hapana, dada. Shida yenu ni ya upande wa pili. Mwezi wa Februari chumba chenye nyuzi 30 huipandisha bia joto kupita hapo siku ya pili, ikatoka na harufu ya ndizi zilizoiva mno na kileo kikali. Iweke ndoo kwenye beseni la maji, uivike kanga mbichi ambayo upindo wake umezama majini, na dirisha la upande wa bahari liwe wazi. Lakini hewa ya pwani ina unyevu mwingi na kanga haikauki haraka, kwa hiyo kanga peke yake haitoshi: tia beseni hilo chupa mbili za maji yaliyogandishwa, uzibadilishe asubuhi na jioni kwa siku tatu za mwanzo.