Mafundo kwenye manyoya ya mbwa mdogo

SWALI: Mhariri, nina mbwa jike mdogo aina ya Maltese, ninayeishi naye katika nyumba ya ghorofa hapa South B. Manyoya yake yamefungamana nyuma ya masikio na makwapani, na ingawa msaidizi wa nyumbani humwogesha kila Jumamosi kwa sabuni ya kipande, mafundo yanazidi. Jirani ananishauri niyakate kwa mkasi. Mjomba wangu, anayefuga ng'ombe Kiambu, anasema nimwogeshe kwa dawa ya josho ili kupe nao waishe. Nifuate ushauri wa nani? – Dada wa South B

JIBU: Dada yetu, tafadhali usifuate ushauri wowote kati ya hiyo miwili. Fundo linapokaza huivuta ngozi na kuiinua hadi ndani yake, na kwa kuwa ngozi ya mbwa ni nyembamba, na ya kwapani na nyuma ya sikio imelegea zaidi, mkono wenye mkasi hauwezi kutambua manyoya yanaishia wapi na ngozi inaanzia wapi. Majeraha ya namna hiyo huhitaji kushonwa.

Mafundo yanazidi kwa sababu anaogeshwa kabla ya kuchanwa. Maji na kusuguliwa huyakaza, na unyevu unaobaki chini yake huifanya ngozi iwe nyekundu na hatimaye itoke vidonda. Kwa hiyo mchane kwanza, angali mkavu. Nyunyizia fundo kondishena ya mbwa iliyochanganywa na maji kidogo, kisha ulishike kwa vidole viwili karibu kabisa na ngozi, ili mvuto wa kitana uishie vidoleni mwako badala ya kumuumiza. Lichambue kwa vidole liwe vipande vidogo, halafu uanzie nchani kwa kitana cha chuma chenye meno mapana, ukisogea kidogo kidogo kuelekea kwenye shina. Akianza kuhangaika, mpumzishe. Hakuna ulazima wa kumaliza siku moja. Usitegemee brashi peke yake, kwani hupita juu tu na kuyaacha manyoya yakipendeza huku chini yakiwa yamesokotana.

Fundo lililolala bapa juu ya ngozi halichaniki. Hilo huondolewa kwa mashine ya kunyolea yenye wembe namba 10, unaoacha manyoya ya takriban milimita 1.5, na anayeshika mashine ni lazima auguse wembe kwenye kifundo cha mkono wake kila baada ya muda mfupi, kwa kuwa hupata moto na unaweza kuunguza. Kama hujawahi kuitumia, mpeleke kwa mtu mwenye ujuzi. Najua inauma kumwona mbwa mzuri akinyolewa, lakini manyoya yataota tena, na kwa maoni yangu nafuu yake ndiyo inayotangulia.

Sabuni ya kipande nayo iache, kwani huondoa mafuta ya ngozi. Hata shampuu ya watu haimfai, maana ngozi yetu ina asidi zaidi kuliko yake. Tumia shampuu ya mbwa na maji ya uvuguvugu, suuza hadi povu liishe kabisa, kisha umkaushe kwa kumkandamiza na taulo bila kumsugua, hasa katika baridi ya Nairobi ya Juni hadi Agosti.

Kuhusu dawa ya josho, nakusihi sana usiithubutu. Nyingi kati ya dawa hizo zina amitrazi, kemikali ya kuua kupe, na hupimwa kwa ajili ya ng'ombe wa mamia ya kilo, ilhali Maltese ana kilo 3 au 4 tu na hujilamba mwili mzima. Ikimzidi atalegea, atayumba, na mapigo ya moyo wake yatashuka. Daktari wa mifugo atakupa dawa ya kupe inayolingana na uzito wake. Wewe wapapase kupe kwa vidole kila unapomchana, ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingoni na katikati ya vidole vya miguu, na ufue matandiko yake mara kwa mara, kwa sababu kupe wa mbwa huweza kuzaliana ndani ya nyumba.

Ukikuta chini ya fundo ngozi yenye majimaji au harufu mbaya, usipake chochote. Mpeleke kwa daktari aliyesajiliwa, au katika kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete.