Ukiona bahari juu ya paa la jirani, funga laptop kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Mwambie fundi Jumatatu asije.

Umeandika una kiwanja Mikindani ya Mtwara, mita 20 kwa 30, "kinaona bahari juu ya paa la jirani". Umeshachora nyumba ya vyumba vitatu kwenye Sweet Home 3D, fundi umeshampa advansi, na unauliza mambo manne: uhamie programu ya SketchUp au ubaki ulipo, laptop yenye RAM (kumbukumbu) ya GB 4 inatosha, fundi anaweza kufanya kazi na ramani iliyo kwenye simu, na bati ununue geji 28 au 30. Nimesoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja tu, kiwanja kinashuka kiasi gani. Hamna. Na wachangiaji wote walionitangulia wamekimbilia RAM.

Hebu tulia ufikiri. Kama bahari unaiona juu ya paa la jirani, jirani yupo wapi? Yupo chini yako. Na wewe je? Upo kwenye mteremko, ndugu yangu. Mikindani yenyewe imekaa kati ya ghuba na vilima, Boma la Wajerumani la 1895 lipo pale juu na kila anayepita barabarani analiona. Hapo hakuna cha kubahatisha.

Programu gani? Yoyote. Swali la kwanza nimelimaliza.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki hapa Lindi mjini. Ujenzi sijasomea, kompyuta sijasomea. Kuchora nilianza kwa video za kwenye simu, kisha nikajiunga na kozi ya WhatsApp, shilingi elfu hamsini, mwalimu anatuma masomo usiku. Wiki ya tatu nikawa nageuza nyumba yangu kwenye skrini kama chapati kwenye kikaango. Mteja akija kuulizia plagi, kwanza nampitisha sebuleni.

Sasa ukifungua SketchUp unakuta ardhi tupu na mtu mmoja amesimama anakusubiri. Ardhi hiyo ni bapa kama sinia. Haina kisiki, haina mtaro, haina mkorosho. Chochote utakachochora kinakaa juu yake bila ubishi, na hapo ndipo kichwa kinapolewa. Kinachonichekesha, na ni kicheko cha mfiwa, ni kwamba tangu 2012 programu hiyo inamilikiwa na Trimble, kampuni inayotengeneza vifaa vya wapima ardhi. Watu ambao mkate wao unatokana na ardhi kutokuwa bapa!

Nilimuuliza mwalimu. Simsingizii, sauti yake bado ninayo kwenye simu. Nikamwambia, mwalimu, kiwanja changu kina kamteremko, nikichoreje? Akajibu: "Usijali, msingi utabalansi. Wewe malizia paa." Msingi utabalansi! Elfu hamsini yangu, mtu anajua kuweka kivuli cha mchikichi kwenye picha, anajua kuegesha gari jeusi la Mjerumani mbele ya baraza, lakini hajawahi kusimama ndani ya mtaro wa msingi akashika hata koleo. Siku nikikutana naye stendi nitamnunulia soda, nimkalishe kwenye ngazi, nimwambie balansi.

Na mimi sikuwa mjinga kabisa, nilikuwa mjinga mwenye bando. Niliingia Google Earth, nikaweka kishale kona ya juu ya kiwanja, mita 38 kutoka usawa wa bahari. Kona ya chini, upande wa bahari, mita 37. Nikashangilia. Mita moja ndani ya mita 25 ni nini, kozi tatu za msingi, yaani mistari mitatu ya tofali, zinatosha. Baadaye sana, hela imeshazama, ndiyo nikasoma namba kama zile hutoka wapi. Vipimo vya mwinuko vya namna hiyo kwa sehemu kubwa vilichukuliwa kwa rada kutoka kwenye chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, na kila mraba wa karibu mita 30 kwa 30 ukapewa namba moja. Kiwanja changu chote, 20 kwa 25, kinaingia ndani ya mraba mmoja na nafasi ya choo inabaki. Tena penye miti rada ile hugonga majani kabla haijafika chini, na upande wa chini wa kiwanja changu kuna mikorosho minene. Inawezekana kabisa nilikuwa nasoma urefu wa vichwa vya mikorosho.

Fundi wangu ni mzee wa Kimwera, maneno machache. Siku ya kuseti, yaani kupigia msingi vigingi na kamba, nilimfungulia laptop juu ya tanki la pikipiki, nikamzungushia nyumba pande zote. Akaangalia kwa heshima. Kisha akaniuliza, "Bwana mdogo, hiyo kompyuta imewahi kufika hapa?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaokota koroma lililokuwa limeanguka, akaliweka pale tulipokuwa tumefyeka, akaliachia. Likaanza taratibu, likashika kasi, likapita kigingi cha sebule, likapita kigingi cha chumba cha watoto, likaenda kugota kwenye banda la kuku la mama jirani.

"Panashuka," akasema.

Nami, kwa akili zangu timamu, nikamjibu: "Mzee, Google inasema mita moja."

Akachimba, kwa kuwa mwenye hela ni mimi. Nyumba ilikuwa mita 14 kwa 9, na nimeilaza kwa urefu kuelekea baharini ili baraza liangalie maji. Walipovuta kamba usawa wa jamvi, yaani sakafu ya zege, kona ya juu kamba ilikuwa nusu mita kutoka ardhini. Kona ya chini ilikuwa mita 2 na sentimita 60, na kijana wa kusaidia fundi alipita chini yake bila kuinama. Yaani ardhi ilishuka mita 2.1 ndani ya nyumba peke yake. Tofali ya inchi 6 ukiisimamisha, pamoja na mota yake ya saruji, inakupa kozi nne kwa mita. Kozi zangu tatu zikawa kumi na nusu.

Kuta zilikuwa nafuu. Uwazi unaobaki katikati ya kuta, chini ya jamvi, nao unataka kujazwa. Umbo lake ni kabari: 14 mara 9 mara 2.1, gawa kwa mbili, mita za ujazo 132, na hapo hujagusa ile nusu mita ambayo kila nyumba inayo. Kifusi kikishindiliwa kinanywea, ongeza robo, 165. Kwa tipa la mita za ujazo 5 ni tripu 33. Nilikaa kiwanjani nayahesabu kama mwanafunzi anayehesabu viboko.

Lakini hizo zilikuwa gharama tu. Kosa lenyewe linakuja sasa, na ndilo linalonifanya niandike usiku huu badala ya kulala.

Ukuta wa msingi wa kozi tatu kazi yake ni kubeba nyumba. Ukuta wa mita mbili na nusu wenye kifusi nyuma yake ni bwawa. Udongo unausukuma kwa nje, na msukumo huo hauongezeki sawasawa na kimo: kimo kikizidi mara mbili, msukumo wote kwa jumla unazidi mara nne. Maji yakiingia mle ndani na hayana pa kutokea, nayo yanaongeza la kwao. Kwenye mchoro wangu ukuta ule ulikuwa mstari mmoja mweusi. Nikaujenga kama mstari: tofali za kusimamisha, bila nguzo, bila hata tundu la kutolea maji. Fundi aliposema tuweke nguzo za nondo nilimwambia kwenye makadirio hazimo.

Hela yenyewe ilikuwa ya korosho za mama. Wa kusini mnajua, hela ya korosho ikiingia na mvua nayo inabisha hodi. Wiki ya pili ya Januari ilipiga siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza niliona ufa mwembamba, nikaupiga picha. Siku ya pili kidole kikaingia. Ukuta wa upande wa bahari ulikuwa umeshika mimba, ukisimama kwenye kona ukafumba jicho moja unaliona tumbo. Nikamtumia mwalimu picha. Akanijibu kidole gumba. Mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Usiku wa siku ya tatu mita sita za ukuta zikalala juu ya banda la mama jirani. Mtu hakuumia, alhamdulillah. Kuku tisa walikwenda, na jogoo mmoja ambaye kwa bei aliyotajiwa nadhani alikuwa na shahada. Nililipa bila kubishana. Utabishana nini na mtu ambaye kifusi chako kipo kwenye jiko lake la uani?

Makadirio yangu ya msingi, niliyoyapanga kwenye Excel na kuyatia rangi, yalikuwa milioni 4.5. Mpaka jamvi linamwagwa zilikuwa zimeondoka milioni 12 na ushee, na pikipiki yangu ndani yake. Ndiyo, muuza vipuri vya pikipiki asiye na pikipiki. Chekeni mmalize tuendelee.

Fundi hakusema "nilikwambia", na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Sasa tushushe jiko." Tukabomoa nusu ya chini. Tukaweka kitako cha zege, nguzo zenye nondo za milimita 12, tofali za kulaza, vipande vya bomba chini ya ukuta vya kutolea maji. Jiko na stoo vikashuka sentimita 60, ngazi nne. Mke wangu akienda jikoni anaaga kwamba anashuka Mtwara.

Halafu nilipopata vipimo vya kweli nikarudi kwenye SketchUp, kujitonesha kidonda. Nikaishika nyumba yangu, nikaigeuza nyuzi 90, ule ubavu wa mita 14 ukafuata barabara na wa mita 9 ndio ukateremka. Kazi ya sekunde tano. Kushuka ndani ya nyumba kukatoka mita 2.1 kukawa 1.35. Tripu 33 zikawa 21. Ukuta wa chini ukatoka mita 2.6 ukawa 1.85, na kwa hesabu ile ya kimo na msukumo, msukumo unabaki karibu nusu. Upana wa kiwanja ni mita 20, nyumba ilikuwa inaenea na nafasi inabaki pande zote mbili. Na bahari ingeonekana kutoka vyumba vingi zaidi! Kompyuta ingenionyesha yote haya bure, mwezi mzima kabla, kama ningeiambia ukweli kuhusu ardhi.

Kwa hiyo usinielewe vibaya, sisemi uache kuchora. Nasema mstari wa kwanza kwenye programu uwe wa ardhi, na namba zake zitoke kwenye mpira wa maji. Mpira wa maji ni ule mwangavu wa mafundi, nunua mita 30. Ujaze maji polepole mpaka mapovu yote yatoke, povu moja likibaki linakudanganya kuliko mwalimu wangu. Simamisha kijiti kona ya juu, weka alama mita moja kutoka chini, mwenzako ashike ncha ya mpira pale maji yaguse alama. Wewe shuka na ncha nyingine, kidole gumba kimeziba, ukifika kwenye nukta unayoipima unaachia. Maji yakitulia, pima kwa futi kamba kutoka ardhini hadi usawa wa maji. Ukipata mita 2.3, nukta hiyo ipo mita 1.3 chini ya kona yako. Ikizidi urefu wa mkono hamisha kijiti, anza upya kutoka hapo. Fanya kila mita 5. Kiwanja chako ni nukta 35, asubuhi moja tu, na mdogo wako wa kushika mpira ukimnunulia chapati na chai.

Kwenye programu, kwa kila nukta simamisha mstari wenye kimo chake, kisha unganisha vichwa vya mistari kwa pembetatu. Ukimaliza unaiona ardhi yako imekunjamana kama shuka lililolaliwa. Hiyo ndiyo uiwekee nyumba. Izungushe, isogeze, ishushe jiko, ufanye ujinga wote mle ndani, hudaiwi kuku.

Mpira wangu upo juu ya kabati dukani, nikimpata dereva wa kuaminika natuma kesho asubuhi, nitumie namba faragha. Ukimaliza leta hapa kona nne na katikati, umbali na kushuka kwake. Bila hizo namba mimi habari za bati sizijibu.

Halafu wewe mchangiaji wa saba uliyemwandikia "asijali, fundi atabalansi", samahani kaka, umewahi kufundisha kozi ya WhatsApp?