Paris–Brest–Paris: koti usiliache

Wengi wanaojiandaa kwa Paris–Brest–Paris, safari ndefu ya baiskeli, huuliza kama koti linahitajika kweli mwezi wa Agosti. Agosti ya Ufaransa si joto tu, koti lichukue. Safari ni km 1,200 hivi, na wengi wanapewa saa 90 kuimaliza, kwa hiyo utakesha barabarani. Mchana Rambouillet, mji wa kuanzia karibu na Paris, inaweza kupita 30°C, lakini alfajiri huko Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, anga likiwa wazi, mabondeni hushuka chini ya 10°C, kama ilivyokuwa 2019. Ukiteremka kilima cha Roc'h Trévezel umelowa jasho, vidole vinakufa ganzi hata breki inakuwa kazi kuishika. Na 2007 mvua iliwaandama sana waendeshaji.

Utabiri wa siku kumi haufai kwa mvua. Siku mbili tatu kabla, fungua Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, uangalie saa kwa saa, tena si mji mmoja bali miji ya njiani: Rambouillet, Fougères, Loudéac, Carhaix, Brest, kila mmoja kwa saa unayotegemea kufika hapo. Kikubwa ni upepo. Mara nyingi unatoka magharibi, yaani unakupiga usoni wakati wa kwenda, basi usimalize nguvu kabla ya Brest. Kasi ya upepo inayotajwa kwenye utabiri hupimwa mita 10 juu ya ardhi. Penye miti kando ya barabara utaisikia kidogo, ila kwenye mashamba wazi ya ngano hakuna cha kukukinga.

Glavu za vidole vizima na fulana kavu ndani ya mfuko wa nailoni havina uzito wowote. Vibebe hata kama utabiri ni jua tupu.