Maswali ya Wasomaji: Kusahihisha Tiger I ya skeli ya 1/16

Swali: Nina seti ya kujenga modeli ya Tiger I, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili, ya skeli ya 1/16. Kuba la kamanda ni lile refu lenye umbo la pipa na magurudumu yana mpira, lakini taa ya mbele ni moja tu, katikati. Juu ya hayo, seti imekuja na karatasi za kubandika zenye mistari ya zimmerit, ile lipu ya kuzuia mabomu ya sumaku yasinate. Naomba mnisaidie: nianze kusahihisha wapi?

Jibu: Kabla ya kushika kisu, amua unajenga kifaru cha mwezi gani na mwaka gani. Tiger I ilitengenezwa kiwandani kwa Henschel, mjini Kassel, kuanzia Agosti 1942 hadi Agosti 1944, na ndani ya miaka hiyo miwili sehemu zake zilibadilishwa mara kwa mara. Seti yako imechanganya vipindi.

Kuba la umbo la pipa liliwekwa hadi katikati ya 1943. Kuanzia Julai likaja kuba fupi la kusubu lenye periskopu 7. Zimmerit ilianza kupakwa kiwandani karibu Agosti mwaka huohuo, kwa hiyo kuba la pipa na zimmerit ya kiwandani havikai pamoja. Mirija ya kurushia moshi kwenye pande za tareti (kibanda cha juu kinachozunguka na mzinga) iliondolewa karibu wakati huo pia. Filta za hewa za Feifel, yale mapipa ya nyuma yenye mabomba yanayopanda juu ya injini, ziliachwa baadaye ndani ya 1943. Taa mbili juu ya pembe za mbele za bodi ni za awali. Taa moja ya katikati ni ya baadaye. Magurudumu ya chuma yasiyo na mpira wa nje yalianza Februari 1944. Darubini ya mpiga mzinga iliyokuwa na matundu mawili kwenye ngao ya mtutu ikawa ya tundu moja mwaka 1944.

Kwa sehemu ulizo nazo, njia nyepesi ni kurudi nyuma na kujenga kifaru cha mwanzoni mwa 1943. Karatasi za zimmerit ziweke kando. Kata taa ya katikati kwa msumeno mwembamba, ziba tundu kwa kijiti cha plastiki kilichopakwa gundi, na usikisawazishe kabla ya saa 24: gundi ikiwa bado laini, kijiti kitazama na kuacha shimo litakaloonekana baada ya rangi. Piga msasa namba 240, kisha 400, umalizie na 600. Weka taa mbili juu, kila moja na waya wake wa milimita 0.5, halafu filta za Feifel na mirija ya moshi. Rejea nzuri kuliko zote ni Tiger 131, kilichotekwa Tunisia Aprili 1943 na ambacho kipo kwenye jumba la makumbusho la vifaru la Bovington, Uingereza. Kimepigwa picha kutoka karibu kila pembe.

Vifaru vilivyorudishwa kwa matengenezo makubwa viliweza kutoka na sehemu za vipindi tofauti. Hilo ni kweli, lakini lisiwe kisingizio. Kama huna picha ya kifaru chenyewe, fuata tarehe.

Swali: Mimi najenga Tiger ya mwaka 1944 na nataka kutengeneza zimmerit mwenyewe. Jaribio la kwanza lilibanduka lote kama ganda. Nilikosea nini?

Jibu: Karibu kila mara kosa huwa ni plastiki iliyobaki laini. Osha bodi kwa maji ya sabuni kuondoa mafuta ya moldi, ikauke, kisha ikwaruze kwa msasa namba 180 mpaka mng'aro wote uishe. Tumia pati ya epoksi ya sehemu mbili, kiasi sawa kwa sawa, uikande mpaka rangi iwe moja. Ikibaki na michirizi, sehemu nyingine hazitakauka kamwe.

Tambaza tabaka lisilozidi nusu milimita. Zimmerit halisi ilikuwa na unene wa milimita chache tu, na katika 1/16 hizo ni kama robo milimita. Wengi hupaka nene kwa kuogopa mistari isionekane, na kifaru kinaishia kuonekana kimevaa sweta. Fanya eneo la upana wa sentimita 5 kwa wakati mmoja, lowesha kifaa chako kwa maji, na ukandamize mistari ya mlalo kwa bisibisi bapa au kipande cha plastiki ulichokichonga. Usiiburute, maana pati itavutwa na kukunjamana.

Nafasi kati ya mistari ipime kwenye picha. Gurudumu la Tiger lina kipenyo cha milimita 800, yaani 50 kwenye modeli yako. Tafuta picha ya pembeni, hesabu mistari ndani ya urefu wa gurudumu moja, ugawanye 50 kwa idadi hiyo. Mistari isinyooke kama ya rula, kwa sababu ilikandamizwa kwa mkono wa fundi.

Paka nyuso zilizosimama za bodi na tareti, ambako bomu la sumaku lingeweza kunata. Paa la tareti na sitaha ya juu usiziguse. Vishikio vya zana vitoe kwanza, uvirudishe baadaye. Mapengo ya kuonyesha zimmerit iliyobanduka yatoboe kwa ncha ya kisu pati ikishakauka kabisa, hasa kwenye kingo na pembe za mbele, na ndani yake ionekane rangi nyekundu ya msingi.

Swali: Kifaru changu cha rimoti hurusha vidonge vya plastiki. Tundu la mtutu linaonekana kubwa. Ni kweli au macho yangu?

Jibu: Macho yako yako sawa. Mzinga wa KwK 36 ulikuwa wa milimita 88, ambazo katika 1/16 ni milimita 5.5, wakati vidonge hivyo ni vya milimita 6 na tundu lake lazima lizidi hapo kidogo. Ingiza mrija wa shaba wenye tundu la ndani la 5.5, urudi ndani angalau sentimita 3 ili mwisho wake usionekane. Ukifanya hivyo, ng'oa waya wa mota ya kurusha kabla ya kuwasha. Kidonge kikikwama, gia za plastiki ndizo zitakazovunjika meno.

Ukiweka mtutu mzima wa chuma, uzito utavuta pua chini. Funga vipande vya madini ya risasi au nati kadhaa nyuma ya ekseli ya ngao, ndani ya tareti, uongeze moja moja mpaka mtutu utulie wenyewe.

Swali: Bodi yote niikwaruze ionekane kama chuma cha kusubu?

Jibu: Hapana, tafadhali. Bamba za Tiger zilikuwa za chuma kilichosukumwa kwa rola, na uso wake ulikuwa karibu laini. Mikwaruzo ya kusubu iweke kwenye ngao ya mtutu na kuba fupi la kamanda. Nguvu zako zipeleke kwenye mishono ya kulehemu, ambayo seti nyingi huifinya mno. Laza kijiti cha plastiki cha milimita 0.8 hadi 1 kwenye kiungo, pitisha gundi ya majimaji mara mbili, subiri dakika 2, halafu kandamiza vipinde vidogo kwa ncha butu. Bodi za vifaru vya rimoti mara nyingi ni plastiki ya ABS, na gundi ya plastiki ya kawaida haiishiki vizuri. Jaribu tone moja upande wa ndani. Isipolainika, tumia gundi ya ABS kwenye bodi, au tengeneza mshono kwa uzi wa pati ya epoksi.

Kingo za bamba na za vifuniko zipime pia. Bamba la mbele la milimita 100 linakuwa 6.25, la ubavuni la 80 linakuwa 5. Kifuniko kilichofunguka kikiwa chembamba kama kadi kinaharibu kazi yote.

Swali: Mnyororo wangu umekaza kama uzi wa gitaa.

Jibu: Hesabu vipande: Tiger I ilikuwa na 96 kila upande. Kama idadi ni sahihi, sogeza gurudumu la nyuma mbele kidogo, kwa sababu ndilo linalorekebisha mkazo. Tiger haina magurudumu madogo ya juu, hivyo mnyororo hulala juu ya magurudumu makubwa na kulegea waziwazi kati ya gia ya mbele na gurudumu la kwanza. Upana wa mnyororo wa vita ni milimita 725, karibu 45.3 kwako. Ukipima 32.5, umepewa mnyororo wa kusafirishia kwa treni.

Swali: Tiger ya Desemba 1942 ya Urusi niipake njano?

Jibu: Ipake kijivu kilichoiva, RAL 7021 (RAL ni mfumo wa Kijerumani wa namba za rangi). Agizo la njano, RAL 7028, lilitoka Februari 1943, na ilikuwa bado majira ya baridi: chokaa nyeupe juu ya kijivu, iliyochakaa zaidi pale wanajeshi walipopanda na kushuka, itakufaa.