Jibu: Kugawana maji ya mfereji mmoja bila wa chini kukosa

Ndugu, umeuliza mgawane vipi maji ya mfereji ili wa mwisho naye apate na mto usikauke kiangazi. Anzeni na mto wenyewe: kwenye banio (mahali maji ya mto yanapoingizwa mferejini), maji ya kubaki mtoni yapite kwanza, ndipo mfereji upate chake.

Kisha pimeni. Kateni ubao kwa umbo la V la nyuzi 90, mzibe nao mfereji, maji yote yapite kwenye mkato na kuanguka huru upande wa pili. Kina kisomwe nyuma ya ubao, umbali wa angalau mara 4 ya kina hicho, kuanzia usawa wa ncha ya chini ya V. Mkipimia palepale kwenye mkato, maji yameshainama, mtasoma pungufu. Sentimita 10 ni kama lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 20 ni karibu lita 25, wala si 9 kana kwamba kina kikiongezeka mara mbili maji nayo huongezeka mara mbili tu. Hapo ndipo watu hudhulumiana bila kujua.

Lita 25 kwa saa nzima ni mita za ujazo 90, yaani milimita 22 hivi kwenye ekari moja. Gaweni saa kwa ekari. Muda wa maji kusafiri hadi shamba la mwisho usikatwe kwenye zamu ya mwenye shamba, ni wa wote. Mzunguko wa siku 7 humwacha yuleyule na zamu ya usiku, kwa hiyo usogezeni mbele kwa muda wa saa 12 kila mzunguko. Mkiweza, jengeni ndiva (mabwawa madogo ya kuhifadhi maji) kama za wilaya ya Same, Tanzania, maji ya usiku yakusanyike humo.