Maiki ya Dada wa Kazi

Ukianza kujifunza filamu, somo la kwanza kuhusu madaraka ni lile lile kila mahali: mwenye nguvu mpige picha kamera ikiwa chini aonekane mkubwa, mnyonge mpige kutoka juu aonekane mdogo. Inafanya kazi, ila kwa muda wote niliorekodi sauti kwenye tamthilia na filamu fupi hapa Dar es Salaam, nimeiona kuwa ndiyo mbinu dhaifu kuliko zote. Mtazamaji ameshaizoea. Mimi nakushauri ujiulize mambo mawili: kamera inabaki na nani, na sauti ya nani inasikika vizuri?

Angalia tamthilia zetu za majumba makubwa. Dada wa kazi anaingia sebuleni na sinia la juisi. Kamera inakuja naye hadi kwenye kochi, glasi zinatua mezani, kisha inabaki na bosi. Dada anaondoka tukiona kanga na kiwiko tu. Kwenye sauti ni hivyo hivyo. Maiki za kubandika kifuani wanapewa wenye maneno mengi; "shikamoo mama" yake inadakwa kwa mbali, imechanganyika na mlio wa feni. Hakuna aliyekaa kikao akaamua adharauliwe. Ni haraka na uhaba wa vifaa, lakini mwisho wa siku filamu nzima inamtazama kwa macho ya mwajiri wake, na hilo linaniuma.

Tafuta *La Noire de...*, filamu ya mwaka 1966 ya Ousmane Sembène wa Senegal. Haina rangi, na ni ya kama saa moja tu. Diouana, binti kutoka Dakar, anachukuliwa kwenda Antibes, Ufaransa, akijua anakwenda kulea watoto. Anajikuta anapika, anafua na kusugua sakafu. Mbele ya waajiri wake hasemi zaidi ya kuitikia, lakini sisi tunamsikia akiwaza, kwa kirefu na kwa uchungu. Sauti hiyo si ya Mbissine Thérèse Diop anayeonekana kwenye picha. Iliingizwa na Toto Bissainthe, msanii wa Haiti, tena kwa Kifaransa. Wapo wanaoona hiyo ni kasoro. Mimi naona sauti hiyo iko karibu na sikio letu kuliko ya mtu mwingine yeyote mle ndani, na hapo ndipo mizani inapogeuka: wenye nyumba wanaongea muda wote, ila tunayemwelewa ni yeye.

Kuna tukio la wageni waliokuja kula. Wanamzungumzia Diouana kana kwamba hayupo, na mzee mmoja anainuka na kumbusu kwa sababu hajawahi kumbusu mwanamke mweusi. Hakuna kamera ya juu wala ya chini inayoweza kueleza hilo kuliko uso wake na yale mawazo tunayoyasikia yeye akiwa kimya.

*Parasite*, filamu ya mwaka 2019 ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini, inatumia zaidi ngazi. Familia maskini inatoka kwenye nyumba ya tajiri mlimani usiku wa mvua, inashuka ngazi baada ya ngazi, na maji yanashuka nayo hadi kwenye chumba chao kilicho nusu chini ya ardhi. Itazame, ila usikimbilie kuiga. Ngazi zile zinataka bajeti.

Cha bure ni hiki. Ukimaliza kupiga tukio la jikoni, omba ukimya, urekodi kisu kikikata vitunguu, sufuria, bomba la maji. Kwenye uhariri weka sauti hizo mbele, na maneno ya bosi yapite nyuma ya ukuta, yasikike nusu nusu. Tulifanya hivyo kwenye filamu fupi moja, mwongozaji akahofia watu hawatajua bosi anasema nini. Walijua vizuri tu kwamba anagomba, na wakamwangalia yule anayekata vitunguu.

Anayedeki, kamera ishuke usawa wa macho yake, miguu ya wenye nyumba ipite mbele yake. Akitoka sebuleni, toka naye hadi koridoni kabla ya kukata picha. Na kama una maiki mbili tu za kubandika, moja mvalishe yeye, hata kama kwenye skripti ana mstari mmoja.