Muulize Anti: Niagize nini kwa Wameksiko?

SWALI: Anti shikamoo. Nipo Chicago toka mwezi wa pili, Jumamosi wenzangu wa kazini wananipeleka mgahawa wa Kimeksiko mtaa wa Pilsen, wanasema pana muziki na kelele balaa, sasa mi ni Muislamu, nguruwe sili, na menyu yote Kihispania. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, nenda kabisa, Pilsen ni kwa Wameksiko wenyewe na chakula chao kitamu mno. Ila ogopa neno pastor, ile nyama inayozunguka kwenye chuma kama shawarma (na kweli asili yake ni shawarma ya wahamiaji wa Lebanoni) ni nguruwe, carnitas pia, chorizo pia. Na hapa ndo wengi wanaponaswa, maharage ya kupondwa mara nyingi yanakaangwa kwa mafuta ya nguruwe, hata chapati zao za ngano zinaweza kuwa nayo, kwa hiyo muulize mhudumu neno moja tu, manteca? (ndo mafuta ya nguruwe kwa Kihispania). Nyama ya ng'ombe na kuku nazo si lazima ziwe halali, we chukua taco (chapati iliyokunjwa na kitoweo ndani) za samaki au kamba, kwenye tortila, yaani chapati yao, ya mahindi, umalize. Kinywaji agiza horchata, ya mchele na mdalasini, utakumbuka nyumbani. Salsa, ile sosi yao ya pilipili, onja kidogo kwanza, pilipili ya habanero haina mchezo. Bili mkigawana ongeza bakshishi asilimia 18 mpaka 20, wahudumu wa huko ndo wanaishi nayo.